Kusomea Radiografia Tanzania: Kutoka Matokeo ya Kidato cha Nne Hadi Leseni

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi hukimbilia majina matatu: udaktari, uuguzi, famasia. Radiografia hutajwa mwishoni, "ile ya eksirei", kana kwamba ni kazi ya kubonyeza kitufe na kwenda kunywa chai. Mwongozo huu ni wa kijana mwenye ufaulu wa sayansi anayetaka kuijua njia nzima ya kuwa mteknolojia wa mionzi, na wa mzazi atakayelipa ada. Kuna jambo moja nitalirudia hadi mnichoke: katika fani hii, unachonunua kwa ada yako ni hospitali. Madarasa ya vyuo hayapishani sana. Wahitimu hupishana kwa wagonjwa waliowahudumia kwa mikono yao wenyewe, na kwa mtu aliyekuwa amesimama nyuma yao akiwasahihisha.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kujaza fomu

Mteknolojia wa mionzi ndiye anayempokea mgonjwa, anayemweka katika mkao sahihi, anayechagua kiasi cha mionzi, anayepiga picha na kuhakikisha inasomeka. Anayeisoma na kuandika ripoti ni daktari bingwa wa radiolojia, ambaye alipitia shahada ya udaktari kwanza, kisha shahada ya uzamili. Hizo ni njia mbili. Ukiitamani hiyo ya pili, kasome udaktari tangu mwanzo.

Lakini usidhani mteknolojia haangalii picha yake. Katika hospitali ya wilaya bingwa huwa mbali, na saa nane za usiku daktari wa zamu atakuja na kukuuliza, "Hapa unaonaje?" Hutaandika ripoti, ila unatakiwa uone kwamba pafu limesinyaa au mfupa wa nyonga umevunjika kabla mgonjwa hajashuka mezani.

Nenda hospitali iliyo karibu nawe, muone mkuu wa idara ya radiolojia, omba kukaa siku moja ukitazama. Wengi hukubali ukiomba kwa adabu na ukiwa na barua ya shule au ya serikali ya mtaa. Utaona majeruhi wa bodaboda wakiletwa na damu mbichi, watoto wanaopiga mateke, wazee wasiosikia, na foleni inayonung'unika. Ukitoka hapo bado unaitaka, endelea.

Hatua ya 2: Pima vyeti vyako, kisha chagua stashahada au shahada

Kwa stashahada, mlango ni kidato cha nne. Masomo yanayotazamwa ni Fizikia, Kemia na Biolojia, ndani ya ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Hisabati na Kiingereza huongeza nguvu. Somo linalowaangusha wengi ni Fizikia: mtoto ana C ya Biolojia na C ya Kemia, Fizikia kapata F, na hapo hana cha kujadili. Arudie mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na aachane na wakala anayemwambia "tutaliweka sawa". Kila mwaka soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, cha mwaka huo huo, maana vigezo huguswa guswa.

Stashahada huchukua miaka mitatu, ukipanda ngazi za tuzo za ufundi, NTA 4, 5 na 6. Kwa shahada, njia ya kawaida ni kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), na maombi hufuata taratibu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwenye stashahada naye anaweza kwenda shahada baadaye akiwa na GPA (wastani wa alama) nzuri. Lenga 3.0 kwenda juu tangu muhula wa kwanza, kwa sababu alama mbaya za mwaka wa kwanza hukuandama hadi dirisha la udahili. Wakati huo utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, na inaombwa mapema, si siku ya mwisho.

Maoni yangu: kama familia haina uwezo mkubwa, stashahada kwanza. Unaanza kazi mapema, unajua kama mikono yako inaiweza, na ukienda shahada unakuta nusu ya mambo unayajua kwa vitendo. Kama una PCB nzuri na unavutiwa na tiba ya saratani kwa mionzi, nenda shahada moja kwa moja.

Hatua ya 3: Chagua hospitali, chuo kitafuata

Majina yanayojulikana zaidi ni vyuo vikuu viwili vya afya: MUHAS jijini Dar es Salaam, ambacho wanafunzi wake hufanya mazoezi Muhimbili, na CUHAS cha Mwanza kilicho ndani ya eneo la Hospitali ya Bugando, chenye shahada ya picha za kitabibu na tiba ya mionzi. Vipo na vyuo vingine, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Hakikisha jina la chuo na jina la kozi yenyewe vyote viwili vimo kwenye orodha ya NACTVET au TCU. Chuo kinaweza kusajiliwa kwa uuguzi na kisiwe na ithibati ya radiografia.

Kisha uliza maswali haya, uliza ukiwa umesimama hapo hapo chuoni, na usikubali jibu la "mtajua mkifika":

Wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani, na makubaliano yameandikwa? Wanaanza kuingia chumba cha eksirei mwaka gani? Mashine zipo ngapi, na wiki hii zinazofanya kazi ni ngapi? Wanafunzi wangapi husimama chumba kimoja kwa zamu moja? Nani huwasimamia? Kila mwanafunzi anapewa dosimeta yake, kile kifaa cha kupima mionzi inayompata?

Hilo la wanafunzi kwa chumba lina uzito kuliko yote. Nimeona vyumba ambamo wanafunzi kumi na zaidi wamejipanga ukutani, mmoja anamweka mgonjwa, waliobaki wanatazama mgongo wa mwenzao. Mwisho wa zamu wote wanajaza kwenye logibuku, daftari la kazi walizofanya, kwamba wamepiga kifua. Hospitali ya mkoa isiyo na sifa mjini, yenye mashine moja nzima na wanafunzi watatu, itakufundisha kuliko hapo.

Hospitali kubwa ina faida yake pia: CT (eksirei ya vipande vipande kwa kompyuta), MRI (picha kwa sumaku), vipimo vya kuingiza kwenye mishipa dawa ya utofautishaji, inayoifanya ionekane kwenye picha, chumba cha upasuaji chenye mashine ya mkono wa C, yaani eksirei inayosukumwa, yenye umbo la C. Mpango mzuri ni wa chuo kinachowazungusha wanafunzi sehemu zote mbili.

Hatua ya 4: Maombi na fedha

Kwa stashahada za afya, maombi hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET. Fungua akaunti mwenyewe, kwa simu yako na barua pepe yako. Kijana aliyefunguliwa akaunti na mwenye steshenari mara nyingi hana neno la siri, na siku ya kuthibitisha udahili ndipo anapoanza kumtafuta yule kaka aliyehama duka. Ukichaguliwa, thibitisha ndani ya muda. Nafasi isiyothibitishwa hupewa mwingine.

Bodi ya Mikopo, HESLB, hukopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imekuwa pia na mikopo kwa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwamo. Andaa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kabla dirisha halijafunguliwa. Foleni ya RITA wiki ya mwisho haina huruma.

Kwenye bajeti, ada ni mwanzo tu. Weka koti jeupe mawili, viatu vya kufunika vidole, nauli ya kwenda hospitali kila siku, bima ya afya, na chumba cha kupanga utakapopelekwa mafunzo kwa vitendo mkoa mwingine. Chanja homa ya ini B kabla ya kugusa mgonjwa. Dozi ni tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo ukianza siku ya kuripoti chuoni umechelewa. Nunua pia alama zako mwenyewe za madini ya risasi, L (kushoto) na R (kulia), zenye herufi za jina lako. Ni vitu vidogo na bei yake si kubwa, na vitakufanya usimamie kila picha unayopiga kama yako.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza, usiikimbie fizikia

Utasoma anatomia, fiziolojia, fizikia ya mionzi, huduma kwa mgonjwa, udhibiti wa maambukizi. Anatomia hukaririwa. Fizikia huwatisha watu, na ndiyo hasa itakayokutofautisha na mtu aliyekariri namba za kwenye mashine.

Chukua mfano. Ndani ya tyubu ya mashine ya eksirei, elektroni hurushwa kwa kasi na kugonga kipande cha tangisteni. Karibu asilimia 99 ya nguvu hiyo hugeuka joto, na kama asilimia 1 tu ndiyo inayotoka kuwa mionzi. Ukilijua hilo hutapiga picha kubwa mfululizo bila kuipumzisha mashine, na utaelewa kwa nini asubuhi tunaipasha moto taratibu kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Au hii: kilovolti huamua mionzi inapenya kwa nguvu gani, mAs huamua inatoka kiasi gani. Mkono hutosheka na kilovolti 50 hivi. Kifua cha mtu mzima, kwa njia ya kilovolti za juu na gridi (wavu unaozuia mionzi iliyotawanyika), huenda hata 110 hadi 125. Ukipandisha kilovolti kwa asilimia 15, picha hupata karibu mara mbili ya mionzi, kwa hiyo unapunguza mAs kwa nusu. Hesabu hiyo utaifanya kichwani ukikutana na mama mnene anayehema, asiyeweza kuzuia pumzi kwa muda mrefu.

Mashine za kisasa za dijitali zimeleta uvivu mpya. Zamani, kwenye filamu na chumba cha giza, ukizidisha mionzi picha inatoka nyeusi tii na aibu yako inaonekana na wote. Leo kompyuta inasawazisha, picha iliyozidishiwa mionzi inatoka nzuri, tena nzuri kuliko ya kiasi sahihi. Mwanafunzi asiye makini huzoea kuzidisha kidogo, kesho kidogo tena, na mgonjwa hajui. Jifunze kusoma namba ya kiashirio cha mionzi kwenye skrini kila picha, hata msimamizi asipouliza.

Hatua ya 6: Ndani ya chumba, na bibi wa kifua

Picha utakayoipiga kuliko zote ni ya kifua: kikohozi, kifua kikuu, moyo uliotanuka, barua ya ajira. Kwa hiyo tuipitie yote.

Bibi ameletwa na mjukuu, fomu inasema kikohozi wiki tatu. Soma fomu hadi mwisho kabla ya kumwita. Vaa barakoa, hiyo inaweza kuwa TB.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, naomba uniambie majina yako yote." Usimtajie wewe, mzee ataitikia jina lolote. Linganisha na fomu.

Sasa kifuani. Mkufu, vifungo, sidiria yenye chuma, rasta zilizoangukia begani, vyote hivyo hutoka kwenye picha kama vivuli. Bibi huyu ana hirizi shingoni. Hapa ndipo mwanafunzi huharibu: ama anaivuta kwa haraka, ama anaona haya na kuiacha, halafu kivuli chake kinakaa juu ya pafu na daktari anaanza kuhangaika na uvimbe usiokuwepo. "Bibi, hii itaziba picha. Tuifunge kwenye pindo la khanga yako, ukitoka unaivaa mwenyewe." Atakubali. Nampa aifunge kwa mkono wake.

Anasimama akiliangalia bamba linalopokea picha, kifua kimegusa, kidevu juu. Migongo ya mikono kiunoni, viwiko na mabega vimesukumwa mbele, ili mifupa ya bega itoke kwenye mapafu. Kama hawezi, akumbatie stendi, matokeo ni yale yale. Tyubu iko sentimita 180 nyuma yake. Umbali huo huzuia moyo usionekane mkubwa kuliko ulivyo. Bana mwale uishie kwenye kifua, tumbo halihusiki. Weka alama yako ya R au L, uhakikishe ni upande wake.

Kisha pumzi. Usimwambie "vuta pumzi" ukapiga hapo hapo. Mfanyishe jaribio akiwa anakuona: "Vuta bibi, vuta zaidi, shika hapo hapo... haya achia." Rudi nyuma ya kinga, rudia maneno yale yale, tazama mabega yake kupitia kioo, piga pale yalipotulia.

Picha ikitoka, hesabu mbavu za nyuma juu ya diaframu (msuli ulio chini ya mapafu), zifike tisa au kumi. Tazama ncha za ndani za mitulinga, ziwe na umbali sawa kutoka uti wa mgongo. Kama hazilingani, alikuwa amegeuka. Angalia ncha za juu za mapafu na kona za chini, zote zimo? Ikiwa inasomeka, usirudie kwa ajili ya kupendeza. Ikiwa haisomeki, jiulize kwanza kilichokosewa, halafu rudia mara moja.

Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, kabla ya picha ya tumbo, nyonga au kiuno, kuna swali la lazima. Liulize mkiwa wawili, si mbele ya mama mkwe au kaka aliyemsindikiza: "Dada, mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Likiulizwa mbele ya watu, jibu utakalopata ni la kuwaridhisha wao.

Kila picha unayopiga kwa mkono wako, ijaze kwenye logibuku siku ile ile, msimamizi asaini siku ile ile. Ukizitafuta sahihi za miezi mitatu kwa mkupuo, wasimamizi wengine watakuwa wamehamishwa.

Hatua ya 7: Mionzi na mwili wako

Mzazi atauliza kama mtoto wake hatapata uzazi. Ajibiwe kwa namba. Kikomo cha mfanyakazi, kinachofuatwa kimataifa, ni milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 kikomo chake ni 6. Dunia yenyewe, kupitia udongo, anga na chakula, humpa mtu wa kawaida kama 2.4 kwa mwaka. Mteknolojia anayesimama nyuma ya kinga kila anapopiga huwa mbali sana na kikomo. Hatari huja kwa mtu mwenye mazoea, anayeshika mtoto kwa mkono kila siku kwa sababu "ni haraka tu".

Kanuni tatu: muda mfupi, umbali mkubwa, kinga katikati. Ya umbali ndiyo ya bure. Ukitoka mita moja kwenda mbili, mionzi inashuka hadi robo. Ukifika mita tatu, sehemu moja ya tisa. Mtoto akihitaji kushikwa, amshike mzazi aliyevaa aproni ya risasi na asiye mjamzito. Aproni itundikwe, usiikunje. Ikikunjwa hupasuka ndani na hutaona kwa macho.

Dosimeta ivaliwe kila siku, chini ya aproni unapoivaa, isiachwe ndani ya chumba cha eksirei wala kwenye dashibodi ya gari. Nchini, anayesimamia usalama wa mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, chini ya sheria ya mwaka 2003. Omba kuyaona matokeo ya dosimeta yako, ni haki yako. Ukipata ujauzito, mwambie mkuu wa idara mapema upangiwe kazi upya. Haimaanishi masomo yamekwisha.

MRI ni habari nyingine. Haina mionzi hiyo, ila sumaku yake haizimwi, mchana na usiku. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa humo hugeuka kombora. Mwanafunzi haingii chumba hicho hata kufuata kalamu kabla hajakaguliwa mifuko.

Hatua ya 8: Leseni, kisha kazi

Kufaulu mtihani wa mwisho hakukupi ruhusa ya kupiga picha. Kuna sheria ya mwaka 2007 ya wataalamu wa radiolojia na picha za kitabibu, na baraza lake, linalojulikana kwa herufi MRIPC, ndilo linalosajili na kutoa leseni. Anza taratibu mara matokeo yanapotoka, ukiwa na vyeti vya kidato cha nne, vya chuo na vya kuzaliwa vyenye majina yanayofanana herufi kwa herufi. "Mohamed" kwenye kimoja na "Mohamedi" kwenye kingine kutakupeleka kwa wakili kula kiapo.

Ajira za serikali hutangazwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na matangazo ya wizara. Jaza wasifu wako humo hata kabla ya tangazo. Wakati unasubiri, hospitali za mashirika ya dini na vituo binafsi vya vipimo huchukua wahitimu wapya, mara nyingi kwa zamu za usiku. Chukua, lakini kabla ya kusaini uliza mambo mawili: kituo kina leseni ya TAEC ya mashine hiyo? Nitapewa dosimeta? Wakisema "ya mwenzako utaitumia kwanza", tafuta kwingine.

Baada ya mwaka mmoja au miwili utajua unaelekea wapi. Wengine hupenda CT, wengine ultrasaundi, ambayo inahitaji mafunzo yake ya ziada, maana picha na tafsiri hutokea hapo hapo mkononi mwako. Wengine huenda tiba ya saratani kwa mionzi, ambako taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando ndizo sehemu za kwanza kuulizia, na huko utakutana na mgonjwa yule yule kila siku kwa wiki kadhaa. Hiyo si kazi ya asiyependa kuzoeana na watu. Popote utakapokwenda, hakikisha leseni inahuishwa kwa wakati, na tunza vyeti vya mafunzo ya kujiendeleza kwenye faili moja, kwa sababu vitaulizwa siku ya kuhuisha.